Nani Atakuja Kutazama? Mhadhara juu ya maonyesho ya sanaa ya wanafunzi, Kombani, Kaunti ya Kwale



Nimeombwa nizungumze juu ya kuandaa maonyesho ya sanaa ya wanafunzi shuleni, na naona wengi mmekuja na madaftari. Mambo ya kamati, fedha na tarehe nitayafikia. Lakini lipo swali ambalo lisipojibiwa mapema, hayo mengine yote yatapangwa kombo. Nani atakuja kutazama?

Kwa kawaida hatuulizi, kwa kuwa jibu tunadhani tunalo. Atakuja mgeni rasmi. Basi tunakodi tenti, tunakodi viti na vipaza sauti, tunanunua maji ya chupa. Michoro ya watoto inabandikwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mara nyingi inabandikwa nyuma ya meza kuu, mahali ambapo hakuna awezaye kuisogelea. Mgeni anafika adhuhuri, anapitishwa mbele ya ukuta ule kwa dakika chache, anapigwa picha, anahutubia. Wazazi waliokaa tangu asubuhi wanarudi nyumbani bila kuona alichochora mtoto wao. Fedha zimekwisha, na watoto wamefundishwa kwamba kazi yao ilikuwa pambo la hotuba ya mtu mwingine.

Mimi nasema mtazamaji wa kwanza wa maonyesho ya Kombani ni mtu wa Kombani. Ni mama anayeuza mboga sokoni. Ni kijana wa bodaboda anayengoja abiria kwenye njia panda hii, ambapo barabara ya Kwale na Kinango inaachana na ile inayokwenda Diani na Lunga Lunga. Ni bibi wa Ng'ombeni anayesuka ukili barazani, na mvuvi wa Tiwi anayejua umbo la ngalawa kwa mikono yake. Ukishaamua kwamba hao ndio unaowaandalia, mambo mengi yanabadilika, kuanzia saa ya kufungua mlango hadi urefu wa msumari ukutani.

Na wakati wenyewe umetulazimisha. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na huko njia ni tatu: ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya pili ni sayansi ya jamii, na ya tatu ni sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Mtoto wa Kwale akirudi nyumbani aseme anataka njia ya tatu, baba atauliza kama sanaa itamlisha. Ni swali la haki. Lakini mzazi ambaye hajawahi kuiona kazi ya mwanawe imetundikwa vizuri, ikatazamwa na watu wazima wakaijadili, atalijibu swali hilo kwa hofu tu. Maonyesho ya shule ndiyo nafasi ya kumpa kitu cha kutazama kabla hajaamua.

Afrika Mashariki jambo hili lina historia. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kampala, alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwake. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikaonyeshwa London katika Imperial Institute. Madarasa yale yakakua yakawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake. Humo alipitia Gregory Maloba, Mkenya, ambaye ndiye aliyetengeneza mnara wa Uhuru uliosimama Kampala tangu mwaka 1962. Alipitia pia Sam Ntiro wa Machame, mchoraji aliyekuja kuiwakilisha Tanganyika huru kule London.

Katika historia hiyo nachukua mambo mawili. La kwanza ni kwamba hawakungoja jengo. Walioanzia nyumbani kwa mwalimu walikuwa na maonyesho mwaka uliofuata, nasi tuna madarasa, tuna miembe, tuna kuta. La pili linanisumbua kidogo. Kazi zile zilifika London upesi mno. Waliozitazama kule hawakuwajua vijana wale wala migomba waliyoichora, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kusema hapa umepatia na hapa umekosea. Nafikiri ndiyo maana namheshimu sana Elimo Njau, mtoto wa Marangu aliyesomea Makerere, ambaye katika miaka ya 1960 alifungua ukumbi wa sanaa kwao, chini ya Mlima Kilimanjaro, akauita Kibo. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kupeleka kazi zake mbali aliona haja ya kuwapa majirani zake ukuta wa kutazama.

Hapa kwetu mtazamaji wa mbali yuko karibu sana, ni mtalii wa Diani. Tembea kando ya barabara ya ufukweni uangalie picha zinazouzwa: twiga chini ya mgunga, jua linazama, Mmasai anaruka, na nyuma yao Kilimanjaro. Wauzaji wanatafuta riziki ya halali na siwalaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba ukimpa mtoto wa Kombani karatasi ukamwambia achore apendacho, mara nyingi atakuchorea picha hiyohiyo, mlima ambao hajauona kwa macho yake. Wakati huohuo, juu hapo kwenye vilima vya Shimba anaishi palahala, na hakuna mahali pengine Kenya nzima anapopatikana. Kule Mwaluganje wako ndovu wanaogombana na wakulima juu ya mahindi. Diani kuna mbega kwenye miti. Kwenye mlango wa mto Mwachema upo Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita na watu wanaswali ndani yake mpaka leo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu, miezi kabla ya maonyesho, ni kumpa mwanafunzi jambo ambalo mtazamaji wa hapa anaweza kulihukumu. Mwambie amchore mama yake akikuna nazi. Bibi atakayekuja kutazama atajua mara moja kama mama amekaa juu ya mbuzi sawasawa, kama mikono inashika kifuu kama inavyoshikwa, na kama tui lile linaweza kutoka. Atasema. Na mtoto atasikia jambo ambalo mwalimu, pamoja na shahada yake, asingeweza kumwambia. Huo ndio uhakiki wa sanaa, na uko tele katika vijiji vyetu.

Wako pia mafundi. Hatuna haja ya kuwatafuta Nairobi. Kina mama wa Kidigo na Kiduruma wanaosuka mikeka na vikapu wanajua kupanga rangi na kurudia umbo kwa hesabu ambayo walimu wa hisabati wangeitamani. Na hapa Kwale wako Wamakonde, watu ambao babu zao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani. Waliishi hapa miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, na kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeanza kuwapa. Hao ni wachongaji ambao kazi za kabila lao ziko katika makumbusho ya dunia. Sasa nauliza: ni shule ngapi za kusini mwa pwani zimewahi kumkalisha mchongaji wa Kimakonde darasani kwa wiki moja? Mwite fundi kabla ya maonyesho, si siku yenyewe kuja kupiga makofi. Mlipe nauli yake na mlipe kwa kazi yake, hata kama ni kidogo, maana mtoto anajifunza thamani ya sanaa kwa kuona vilevile namna tunavyomtendea msanii.

Juu ya vifaa nitasema machache. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya ubao mwembamba na rangi ya mafuta ya kawaida. Akafariki mwaka 1972, na bado mtindo wake unaitwa kwa jina lake. Sisi tuna katoni za dukani, mkaa, vifuu, makumbi, ukindu, ndara zinazotupwa na bahari ufukweni Tiwi. Udongo mwekundu wa njia ya Kwale ukichekechwa vizuri na kuchanganywa na gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji unatoa rangi ambayo haififii upesi. Gundi ya uji wa muhogo ni rahisi, lakini kwa unyevu wa pwani huota ukungu na mende huila, basi itumieni kwa kazi za siku chache tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naomba mlishike kuliko yote: jina.

Mnajua habari za vigango, nguzo za mbao ambazo ndugu zetu Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu baada ya kufa. Nyingi ziliibwa, zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka mingi ilipita, kisha vikatambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na kilichowezesha kutambuliwa ni picha ile, yenye mtu na jina lake. Kimoja kikarudishwa kwa familia mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, lakini hivyo havikuwa na kumbukumbu za familia vilikotoka. Kurudi Kenya ni jambo moja. Kurudi kwa mwenyewe ni shida nyingine.

Mchoro wa mtoto hauna uzito wa kigango, na sitaki mtu anielewe hivyo. Lakini uzembe unaoipoteza kazi ni uleule. Nimeona shule zenye michoro mizuri katika ofisi, na ukiuliza ni ya nani, hakuna ajuaye. Basi fungueni daftari. Kila kazi iwe na namba, jina la mwanafunzi, darasa, vifaa, ukubwa kwa sentimita, picha yake hata kama ni ya simu, na safu ya mwisho ya kuandika ilikokwenda. Chini ya kila kazi ukutani iwekwe kadi. Kwenye kadi kuwe na jina kamili, darasa, vifaa vilivyotumika, na maneno machache ya mtoto mwenyewe juu ya kazi yake. Kama alifundishwa na nyanya yake kusuka, jina la nyanya liandikwe pia, kwa idhini yake. Kadi iwe kwa Kiswahili, au kwa Chidigo, Chiduruma au Kikamba kama mtoto apendavyo, kwa sababu tumeshasema nani anakuja kusoma. Mwalimu asahihishe tahajia. Mawazo ayaache.

Hapo hapo niguse sheria. Hakimiliki ya mchoro ni ya aliyeuchora, hata kama ana miaka kumi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haikumtenga mtoto. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Kwa hiyo shule isichapishe kalenda kwa michoro ya wanafunzi, wala isisambaze picha za nyuso zao, kabla ya mzazi kutia sahihi. Fomu ya idhini ni ukurasa mmoja, na itumwe nyumbani pamoja na mwaliko.

Tarehe. Muhula wa tatu una mitihani, uacheni. Muhula wa kwanza, miaka hii Ramadhani inaangukia humo, na joto la kaskazi bado ni kali. Mei ni masika, njia za Matuga zina matope na karatasi zinajikunja kwa unyevu. Unabaki Julai, wakati mvua zimepungua na kusi inavuma, ila angalieni kwanza kalenda ya tamasha la muziki msije mkawanyang'anya wenzenu wanakwaya. Ijumaa mchana ni swala. Jumamosi asubuhi watoto wengi wako madrasa. Basi fungueni Jumamosi saa nane mchana, na kazi zisishushwe siku hiyo. Ziacheni ukutani wiki nzima. Mama wa sokoni aliyeshindwa kuacha biashara Jumamosi atapita Jumanne jioni, na shule jirani za Waa na Tiwi zinaweza kuleta madarasa yao katikati ya wiki, wakati nafasi ipo na mtoto anaweza kusimama mbele ya kazi moja bila kusukumwa.

Lipo jambo la imani, nalo tusilipite kimyakimya. Wazazi wengi wa hapa ni Waislamu, na wako wasiopenda mtoto wao achore au achonge kiumbe chenye roho. Mwalimu wa sanaa akaliulize hilo mapema, akae na walimu wa madrasa, asingoje malalamiko siku ya ufunguzi. Mtoto wa nyumba hiyo hapungukiwi na kitu. Ana khati, ana nakshi za milango, ana maua ya hina, ana mishono ya kofia, ana mafumbo ya rangi katika mkeka. Hiyo ndiyo sanaa iliyoijenga pwani hii. Na mtoto wa mchongaji naye asizuiwe kuleta sura aliyoichonga. Kila mmoja aingie na chake, na chumba kinachotumika kuswalia kisitundikwe sura za viumbe.

Kutundika kwenyewe ni kazi ya siku mbili, si ya usiku mmoja. Watu wazima wakitazama, katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Lakini kama watazamaji wengi ni watoto wadogo, shusheni. Mtoto wa darasa la pili asitazame fremu ya chini tu. Kamba na vibanio vya nguo kwenye veranda vinapendeza kwa macho, ila kusi ya Julai itazipeperusha kazi zote mpaka barabarani, kwa hiyo tumieni madarasa na mfunge madirisha ya upande wa upepo. Seloteipu huachia kwa unyevu na huondoka na rangi ya ukuta. Bandikeni kwanza kila mchoro juu ya katoni iliyokatwa vizuri, kisha tundikeni katoni. Kazi za penseli za rangi na kalamu za wino zisikae kwenye jua la moja kwa moja. Acheni nafasi kati ya kazi na kazi. Ukuta uliojazwa kila inchi haumheshimu yeyote.

Na nani atafanya haya yote? Wanafunzi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa nimeona walimu wakibeba maonyesho yote mabegani mwao kisha wakaapa hawatarudia. Kuna kundi la kupima kuta na kutundika, kundi la kuandika kadi na daftari, kundi la kulinda, na kundi la kuwaongoza wageni. Wanaoongoza wasikaririshwe hotuba. Wafundishwe kumuuliza mgeni anaona nini, kisha wanyamaze wamsikilize. Kitabu cha wageni kiwe na mwanafunzi mezani, ili mzee asiyeandika aseme maoni yake na mtoto amwandikie kama alivyosema.

Kila mwanafunzi awe na kazi walau moja ukutani, na aichague mwenyewe kutoka katika bahasha ya kazi zake za mwaka. Baada ya hapo kamati ya wanafunzi inaweza kuongeza nyingine. Zawadi za wa kwanza, wa pili na wa tatu mimi sizipendi katika maonyesho ya shule. Zikishatangazwa, watu wanakimbilia kazi tatu na kuziacha mia moja, na mtoto wa nne hashiki tena brashi. Kama lazima mtu afungue rasmi, afungue bibi msukaji wa mkeka, aongee kwa dakika anazotaka.

Fedha za tenti zinunue manila, katoni, gundi na rangi. Zilizobaki zitoshe chai na mahamri, maana mtu aliyeacha shughuli zake akaja kumtazama mwanao lazima akaribishwe.

Kuuza ni swali ambalo hoteli za Diani zitalileta, na si vibaya. Msimamo wangu ni kwamba hakuna kinachouzwa mpaka wiki ya maonyesho iishe, na kabla ya mnunuzi kujibiwa, aulizwe mtoto, aulizwe mama yake kama anaitaka kazi ile ibaki nyumbani. Wakikubali, bei iandikwe, makubaliano yatiwe sahihi na mzazi, fedha ziende kwa mtoto, na daftari lionyeshe kazi imekwenda wapi. Kama shule inataka sehemu yake kwa ajili ya rangi za mwaka ujao, hilo lijulikane tangu mwanzo, kwenye ile fomu ya idhini.

Zisizouzwa zirudi mikononi mwa wenyewe siku ya kushusha, mbele ya daftari, kila mmoja akitia sahihi. Na bahasha za mwaka unaofuata zifunguliwe Januari, wiki ya kwanza ya masomo, jina la mtoto likiwa limeandikwa juu yake kabla hajaweka karatasi hata moja ndani.

Nimesema yangu. Naona mwalimu wa Matuga ameinua mkono tangu nilipotaja zawadi. Tuanze na yeye.